Kazi Tano Bila Nyama

Ujumbe wa asubuhi katika redio yetu, Kolwezi
Maandiko ya kusoma nyumbani: Isaya 58:6-7, 1 Samweli 2:12-17, Hesabu 11, Danieli 1 na 10

Ninakusalimu wewe mama uliye jikoni, mbabula ikiwaka mbele yako. Ninakusalimu wewe baba uliye ndani ya basi la kampuni ukienda kazi ya asubuhi, na wewe kijana unayetusikiliza kwa simu huko Kapata, Luilu, Musonoi ao Kanina. Na wewe utakayepewa karatasi hii kesho mlangoni pa kanisa, usiifanye ya kufungia karanga kabla hujaisoma.

Tumeingia kiangazi. Mvua imekwisha, vumbi limekaa juu ya mapaa, na usiku wa mwezi wa sita baridi inauma mpaka ndani ya mifupa. Kila mtu anatafuta moto. Na hapa kwetu penye moto pana michopo. Tangu jioni ya kazi tano mpaka usiku wa siku ya Mungu, moshi wa mbuzi unapanda kila kona ya Manika na Dilala. Vitunguu vinakatwa, pilipili inasagwa, karatasi inatandikwa, na mtu anasimama pale akimeza mate na kuhesabu pesa zake mfukoni. Inakuja sikukuu ya 30 Juni, tunachoma. Zinakuja likizo za watoto, zinakuja ndoa, tunachoma. Inakuja siku ya wazazi, 1 Agosti: asubuhi tunasafisha makaburi ya wazee wetu, na mchana tunachoma.

Mimi sikuja kuwaambia kwamba michopo ni dhambi. Baba wa mwana mpotevu alichinja ndama aliyenona. Na Bwana wetu mwenyewe, baada ya kufufuka, wanafunzi waliposhuka kutoka chomboni walikuta amekwisha kuwasha moto wa makala pale ufukoni, na samaki juu yake. Yohana 21, soma. Yesu aliwasha makala kwa mikono iliyokuwa na alama za misumari. Mtu asiniambie basi kwamba Mungu hapendi kitu cha kuchoma.

Lakini angalieni jambo moja katika habari ile. Aliwasha moto kusudi wengine wale. Aliwaita waje kula.

Hapo ndipo ujumbe wangu unaanzia. Tangu kiangazi cha mwaka jana, sisi wa kanisa letu tulipatana hivi: kila kazi tano, toka mwezi wa sita mpaka mvua ya kwanza, hatuli nyama. Siku moja tu katika juma. Na pesa ambayo ingekwenda kwa nyama siku hiyo inarudi nyumbani, na sehemu yake inaingia katika kikapu cha kanisa kwa ajili ya nyumba zisizo na unga. Nimeombwa na redio nieleze kwa nini, na nieleze pia mahali tuliposhindwa. Nitaeleza yote mawili.

Kwanza niondoe maneno. Wiki ile ile tulipotangaza, mzee mmoja alinishika mkono nje ya kanisa akaniuliza kama nimekuwa Mwadventista. Mama mwingine akasema, "Mchungaji, kazi tano bila nyama ni ya Wakatoliki, sisi tuliokoka." Wandugu, mtume Paulo aliwaandikia Warumi, sura ya 14, kwamba anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Na katika 1 Timoteo 4 aliwaonya wale wanaokataza watu vyakula alivyoviumba Mungu. Kwa hiyo hakuna polisi wa nyama katika kanisa letu. Ukila, umekula, hatutakusimamisha katika kwaya. Mtu anayefunga na huku anachungulia sufuria ya jirani, huyo hajafunga hata kidogo.

Sasa niseme sababu ya kweli. Inaniaibisha, lakini niliwaahidi wenzangu nitaisema.

Mwaka juzi, katika kiangazi, nilikuwa na tabia moja. Kazi tano jioni tunakuwa na mazoezi ya waimbaji, na mimi ninatoka kanisani kwa mguu. Njiani kuna mchomaji wa michopo. Nilianza siku moja, nikaendelea siku ya pili, ikawa desturi. Ninasimama pale gizani kidogo, kusudi waumini wasinione wote, ninakula karatasi moja ya mbuzi na vitunguu na pilipili, ninakunywa kitu cha sukari, ninapangusa midomo, ninakwenda nyumbani. Nyumbani mke wangu ameniwekea bukari na lengalenga. Ninakula kidogo, ninasema, "Sina njaa sana, leo nimechoka." Na yeye ananihurumia juu ya kazi ya Mungu inayonichosha!

Jioni moja mtoto wetu wa mwisho, alikuwa na miaka sita, alikuja kunikumbatia mlangoni. Akaweka uso wake kwenye koti langu. Akavuta pumzi. Akasema, "Baba, koti yako inanukia mbuzi." Akabaki pale, hakutoka. Alikuwa ananusa koti.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yake na kijiko cha bukari mkononi. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Usiku ule sikulala. Nilipiga hesabu. Pesa ya karatasi yangu moja na chupa yangu moja ingenunua meka ya maharagi na mafuta kidogo juu yake, na nyumba yetu ya watu saba ingekula siku mbili. Na mimi nilikuwa nimeimeza nikiwa nimesimama, kwa dakika kumi na tano, peke yangu, gizani, mimi mhubiri wa mapendo. Nikafungua Isaya 58, mahali ambapo Mungu anasema ni mfungo gani anaoutaka. Nilikuwa nimeihubiri sura ile mara nyingi. Mnajua maana yake: kumgawia mwenye njaa chakula chako, kumwingiza maskini nyumbani, kumvika aliye uchi. Lakini mwishoni mwa mstari wa saba kuna neno nililokuwa ninalipita haraka, kwamba mtu asijifiche na watu wa damu yake mwenyewe. Asijifiche! Na mimi nilikuwa ninajificha nyuma ya mti, na karatasi ya michopo mkononi.

Baba unayenisikiliza, sijui kwako ni mti gani. Pengine ni terasi, pengine ni nganda, pengine ni sherehe za wakubwa wa kazi. Ninajua tu kwamba katika mji huu wanaume wengi wanakula nyama mahali ambapo watoto wao hawapo.

Na sisi wachungaji tusijitoe. Soma 1 Samweli sura ya 2. Wana wa Eli walikuwa makuhani. Mtu alipoleta sadaka, mtumishi wa kuhani alikuja na uma wa meno matatu, akauingiza ndani ya sufuria, na kila kilichopanda na uma kuhani alikichukua. Baadaye wakazidi. Hawakutaka tena nyama iliyochemshwa. Mtumishi alisema kuhani anataka nyama mbichi, ya kuchoma. Neno hilo limo ndani ya Biblia, wandugu, sikuliongeza mimi! Na mtu alipoomba angoje kidogo mafuta yateketezwe kwanza kwa ajili ya Bwana, aliambiwa, utoe sasa ama tutachukua kwa nguvu. Hawakuhukumiwa kwa kula nyama, maana sheria iliwapa makuhani sehemu yao. Walihukumiwa kwa kutopenda kungoja, na kwa kula mbele ya Mungu na mbele ya wenye njaa kana kwamba hakuna mtu mwingine mezani. Mchungaji akitembelea nyumba ya mjane, na mjane akakimbia kukopa kuku, na mchungaji akala kuku huyo akaacha mifupa, uma wa meno matatu umo mkononi mwake. Nimekwisha kula kuku wa namna hiyo. Mungu anisamehe.

Hapa wazee watasema, "Mchungaji, zamani haikuwa hivi. Zamani nyama ilikuwapo kwa wote." Ninawaelewa. Siku ya sita ya juma tunaiita siku ya posho mpaka leo, hata watoto ambao hawajawahi kuona posho wanaiita hivyo. Zamani za Union Minière, na baadaye za Gécamines, mfanyakazi alipokea chakula chake kwa mkono wa kampuni: unga, maharagi ao karanga, mafuta, nyama ao samaki. Mama alipanga mstari na kikapu chake. Mtoto wa camp alijua siku gani ataonja nyama. Kisha miaka ya 1990 ikaja, mine ya Kamoto ikaporomoka mwaka 1990, mishahara ikakatika, posho ikaisha. Baba zetu hawajaacha kuiota ile nyama.

Israeli nao waliota hivyo jangwani. Hesabu 11. Walilia mlangoni pa hema zao wakikumbuka samaki wa Misri waliokula bure, na matango, na vitunguu, na vitunguu saumu. Bure! Walisahau fimbo, wakakumbuka kitunguu. Musa akachoka mpaka akamwomba Mungu amwue. Mungu akaleta kware kwa upepo wa bahari, wakarundikana kuzunguka kambi kimo cha mikono miwili, na watu wakaokota mchana kutwa, na usiku kucha, na kesho yake mchana kutwa. Aliyeokota kidogo alikuwa na marundo kumi. Hakuna anayetajwa kwamba alimgawia jirani. Nyama ikiwa ingali kati ya meno yao, pigo likaingia. Mahali pale pakaitwa Kibroth-hataava, maana yake makaburi ya tamaa. Mimi sisemi kwamba kupenda posho ni dhambi. Mfanyakazi alistahili chakula chake. Ninasema tu kwamba mtu anaweza kulilia nyama ya jana mpaka hamwoni mtoto wa leo aliyelala kwa chumvi na bukari.

Wengi wananiuliza juu ya Danieli, maana siku hizi "mfungo wa Danieli" umekuwa mtindo. Haya, tusome vizuri. Katika sura ya 1 Danieli na wenzake watatu walikataa chakula cha meza ya mfalme wa Babeli, wakaomba mboga na maji kwa siku kumi, na nyuso zao zikawa nzuri kuliko za wengine. Lakini nenda sura ya 10. Danieli ni mzee sasa, anaomboleza majuma matatu, na anasema katika siku hizo nyama haikuingia kinywani mwake. Kama nyama haikuingia majuma yale matatu, basi siku nyingine iliingia. Danieli alikuwa mtu wa kula nyama aliyejua kuiacha. Sitaki zaidi ya hapo. Sitaki tufanye Danieli kuwa dawa ya kupunguza tumbo.

Wala sisi si wa kwanza. Wakristo wa Ethiopia, tangu karne nyingi, hawagusi nyama wala maziwa wala mayai kila Jumatano na kila Ijumaa, na zaidi ya hapo wana mifungo mirefu kabla ya Pasaka na Noeli. Hawakufa. Wanapika mchuzi wa unga wa dengu na mbaazi, na ni mtamu. Na mwaka 1917, wakati wa vita kuu ya kwanza, serikali ya Marekani iliwaomba raia wake waache nyama siku moja katika juma, Jumanne, kusudi chakula kipatikane kwa askari na kwa watu wa Ulaya wenye njaa. Serikali, wala si kanisa! Walielewa kwamba kisichoingia kinywani mwangu kinaweza kufika kinywani mwa mwingine, lakini lazima kibebwe, hakiendi chenyewe.

Juu ya afya nitasema kidogo, mimi si daktari. Shirika la afya la ulimwengu, kwa mkono wa ofisi yake ya utafiti wa kansa, mwaka 2015 liliweka soseji na nyama za kiwandani kati ya vitu vinavyoleta kansa, na nyama nyekundu kati ya vile vinavyodhaniwa sana kuileta. Anayekula kidogo asiogope. Anayekula kila jioni, afikiri. Tena mama mwenye mimba, mama anayenyonyesha, mtoto mdogo, mgonjwa, mtu aliyepungukiwa damu, hao hatuwafungishi kitu. Yai likipatikana, apewe. Nimesikia baba mmoja aliyewaambia watoto wake kwamba hawali nyama kazi tano "kwa amri ya mchungaji", na ukweli ni kwamba hawali nyama kazi moja mpaka siku ya Mungu. Huyo ameniongezea kazi isiyo yangu.

Sasa mahali tuliposhindwa. Yule mchomaji wa michopo niliyemtaja ni ndugu wa kanisa letu. Ndiyo. Anakaa benchi ya tatu, ana watoto wanne, anatoa zaka. Tulipotangaza kazi tano bila nyama hatukumwuliza. Kazi tano ni siku yake kubwa, watu wametoka kazini, wana pesa. Juma la kwanza alirudi nyumbani na nyama nusu, na friji hana. Alikuja kwangu siku ya posho asubuhi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema tu, "Mchungaji, ninyi mmefunga, lakini mimi ndiye nimelala na njaa."

Sikuwa na jibu jema. Tulikaa naye, wazee wa kanisa na wamama wa kamati, mpaka usiku. Watu wengine walisema tuhamishe siku, iwe kazi tatu, siku ambayo hata hivyo hauzi sana. Wengine wakasema mfungo usiouma si mfungo. Mimi nilikuwa upande wa pili, na ninafikiri hata sasa nilikuwa na haki nusu tu. Mwishoni tulipatana kwamba kazi tano achinje kidogo, na aweke juu ya makala mahindi, viazi vitamu na mihogo, na anayepita anunue hivyo. Na nyumba zinazoweza ziagize nyama yao kwake siku ya posho, kwa ajili ya siku ya Mungu, walipe mbele. Imesaidia. Haijarudisha yote. Mapato yake ya kazi tano bado ni madogo kuliko zamani, yeye mwenyewe ameniruhusu niseme hivi redioni. Kanisa jingine likitaka kufanya kama sisi, lianze na kumwita anayeuza, kabla ya kutangaza mimbarani.

Wamama wananiambia ninazungumza sana juu ya Danieli na sijasema watu watakula nini. Haya, nimejifunza kutoka kwao, na mimi mwenyewe kazi tano ninapika.

Maharagi uyaloweke tangu usiku wa kazi ine. Asubuhi mwaga maji yale, weka mapya. Yataiva mapema, tumbo halitajaa hewa, na makala yatapungua. Jambo la makala si dogo. Watu wanasukuma baiskeli zenye magunia kutoka mbali, na miti ya pori ambayo ilikuwa karibu na mji tumekwisha kuila kwa mbabula zetu. Maharagi yasiyolowekwa yanakula makala kuliko mbuzi; ukifanya hivyo, umeacha nyama ukachoma msitu. Maharagi na bukari vikikaa pamoja vinamjenga mtu, kile kinachopungua kwa kimoja kinapatikana kwa kingine. Sombe itwangwe vizuri na ichemshwe muda mrefu bila kufunikwa, maana majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa moto. Kisha karanga za kutwanga na mafuta ya mawese. Kuna matembele, kuna lengalenga. Kuna kikanda, ambacho mama yangu alikikata vipande kama soseji, na mpaka nilipokuwa kijana niliamini ni nyama.

Juu ya vinkubala kulikuwa na shida. Ni nyama ao ni mboga? Kamati ya wamama ilikaa karibu saa nzima juu ya swali hilo, kwa Biblia na bila Biblia. Waliamua ni mboga. Sikubisha, navipenda.

Na jambo moja la uzito, wamama, mnapokwenda sokoni. Uliza mboga imelimwa wapi. Mboga iliyomwagiliwa kwa maji ya kuoshea mawe ya mine, iache hata kama ni bei ya chini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walipima watu wa Kasulo, hapa kwetu, na mwaka 2018 wakatoa matokeo: kobalti nyingi ndani ya mkojo, na kwa watoto zaidi kuliko kwa wakubwa. Vumbi ndilo linaloingia zaidi. Basi osha mboga kwa maji safi, mara mbili, mara tatu. Osha na mikono ya watoto kabla ya kula, na ile mbabula usiipikie kando ya barabara ya malori.

Nimalizie na kikapu. Mwaka 2025, serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje ya nchi kuanzia 22 Februari, na ikafungua tena kwa vipimo mwezi wa kumi. Magazeti yaliandika juu ya bei ya ulimwengu. Sisi tuliona mlango wa kanisa. Vijana wachimbaji ambao kiangazi kingine walinunua mbuzi mzima na kuita mtaa, walikuja kimya, mmoja mmoja, nyuma ya ibada, kuuliza kama kuna unga. Mmoja alikuwa kati ya wale waliokuwa wakinilipia karatasi yangu ya michopo pale gizani. Tulimpa meka mbili za unga na moja ya maharagi. Ilitoka katika kikapu cha kazi tano. Aliuliza ni ya nani. Mama mweka hazina akamjibu, "Ni nyama ya mchungaji." Watu wakacheka, na yeye akacheka, kisha akalia.

Kazi tano ijayo, kuanzia saa kumi na moja jioni, sufuria itakuwa nyuma ya kanisa: maharagi, sombe, bukari. Ndugu yetu mchomaji atakuwa pale na mahindi yake, mnunue kwake. Baba aje na watoto wake, asiwatume peke yao. Kila mtu alete sahani yake, maana juma lililopita zilipungua na tukawapa watoto chakula juu ya mifuniko ya sufuria. Anayeweza kuleta makala, alete. Tena tunatafuta mtu mwenye sufuria kubwa, ya matanga, atuazime mpaka mvua; ile ya mama mweka hazina imetoboka chini.